Mchanga wa Malindi Ulitoka Ushago Kwenu: Rada Yote ya Kutembea Mdomo wa Mto Sabaki

Wasee wa Kitui na Makueni, kila Desemba story huwa ileile. Mbogi inachanga doh, mnapanda basi ama treni, mnashuka Mombasa, mnapigwa picha na ngamia, mnaogelea kidogo, mnarudi ushago mkiwa mmechomeka mabega. Hakuna ubaya. Lakini kuna mahali huko Pwani ambapo msee wa Ukambani akikanyaga, anakanyaga kwao. Na namaanisha udongo wenyewe.

Mahali penyewe ni mdomo wa Mto Sabaki, pale mto unapoingia Bahari Hindi. Kuna fuo ndefu, kuna matope na mikoko, kuna viboko, kuna ndege wengi mpaka unachoka kuhesabu. Watalii wa ng'ambo wenye mabinokula shingoni wanapajua kitambo. Sisi wenye mto ndio hatupajui.

Nilienda na beshte yangu wa kutoka Mutomo. Yeye alitaka kuona viboko, mimi nilitaka tu kuhepa kelele za Mombasa. Tulirudi tukiwa na story tofauti kabisa, na ndio hii.

Hapa ni wapi?

Ukiwa Malindi tao, chukua barabara ya kuelekea Garsen na Lamu. Kilomita chache tu kutoka mjini unafika daraja la Sabaki. Upande wa kusini ni Malindi, upande wa kaskazini ni njia ya Mambrui, mji wa zamani sana wa Waswahili. Kutoka darajani, mto unajikunja kidogo kisha unamwagika baharini.

Usitegemee geti kubwa na ua kama Tsavo. Hapa ni mahali watu wanaishi. Utapata vijana wakivua, wazee wakichunga mbuzi, akina mama wakitoka kuokota kuni. Wataalamu wa ndege wameiweka sehemu hii kwa orodha ya maeneo muhimu ya ndege duniani, lakini kwa wenyeji ni nyuma ya nyumba tu.

Mto mmoja, majina matatu

Sasa skiza vizuri, juu hapa ndipo watu wengi huachwa na gari.

Sabaki ni Athi. Ule ule Athi unaoujua. Unaanzia milima ya pande za Kiambu na Nairobi, unapita Fourteen Falls karibu na Thika, halafu unageuka kusini-mashariki na kuwa mpaka wa Makueni na Kitui. Pembeni yake imelala Yatta, ule mlima mrefu bapa ambao ni lava iliyoganda, mojawapo ya mikondo mirefu zaidi ya lava duniani, karibu kilomita 300. Ukiendesha barabara ya Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui, lazima uvuke Athi.

Mto ukifika ndani ya Tsavo East unakutana na Mto Tsavo, na hapo unabadilisha jina kuwa Galana. Unapita Lugard Falls, pale maji yanapojipenyeza kwa miamba iliyochongwa ikachongeka. Ukikaribia Pwani, watu wanauita Sabaki. Kwa jumla ni karibu kilomita 390, mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana.

Makueni inauchangia sana. Thwake, Kaiti inayoingia Thwake, Kiboko, Makindu, mto wa Kibwezi, yote inaishia Athi. Kitui iko na ukingo wa mashariki, lakini juu Yatta imeziba njia, mito mingi ya Kitui kama Tiva inakimbilia upande mwingine kabisa na kupotelea nyika za Tsavo East. Kwa hivyo msee wa Kitui Kusini anayelima upande wa Athi yuko ndani ya hii story. Wa Mwingi, wewe wako ni Tana.

Utacheki nini ukifika

Kwanza, viboko. Wanakaa kwa mto karibu kabisa na bahari. Asubuhi mapema ama jioni unaona masikio na pua tu juu ya maji, na nyuma yao mawimbi yanapasuka. Hiyo picha pekee inalipa nauli.

Pili, ndege. Kuanzia kama Oktoba hadi Machi, saa ile Ulaya na Asia ni baridi, ndege wadogo wa matope wanakuja kwa makundi makubwa. Wenyeji huwaita vitwitwi na chamchanga. Wanakimbia ukingoni wakidonoa matope kama watu wanaotafuta sarafu iliyoanguka. Kuna shakwe, kuna flamingo saa zingine, kuna korongo wamesimama na mguu mmoja kama mlinzi amechoka. Ukienda katikati ya mwaka, kama Mei hadi Septemba, kuna kandege ka kahawia kanakoruka kama mbayuwayu. Hako kanazaana Madagaska peke yake kisha kanavuka bahari kuja kupumzika huku. Sabaki ni mojawapo ya mahali pazuri zaidi pa kukaona nje ya kwao.

Tatu, mikoko. Mwingi hapa ni mchu, ule unaotoa mizizi midogo kama penseli zimesimama kwa matope. Samaki wadogo na kamba hukulia humo. Ukikatwa, wavuvi ndio wa kwanza kulia.

Nne, milima ya mchanga. Upande wa Mambrui upepo umerundika mchanga mpaka umekuwa vilima. Ukipanda juu unaona mto, matope na bahari kwa mpigo mmoja.

Mbona mchanga huu si mweupe?

Hili ndilo swali beshte yangu aliuliza, na ndilo lilitufungua macho.

Ukienda Diani ama Watamu, mchanga ni mweupe kama unga. Huo hutoka kwa matumbawe na makombe yaliyosagika baharini. Malindi na Mambrui mchanga ni wa kahawia, na jua likiupiga unang'aa vipande vipande kama dhahabu. Wageni hudhani ni kitu cha ajabu.

Lakini mtu wa Ukambani ameshaona hiyo kitu. Ni ulanga, yale madini membamba yanayong'aa kama kioo. Si umewahi kuchimba maji kwa mchanga wa mto mkavu ukaona mikono yako inametameta? Miamba ya Ukambani ni ya zamani sana na imejaa ulanga. Inavunjika, mvua inaisomba, Athi inaibeba.

Kijana aliyetutembeza alitusikia tukiongea Kikamba akacheka. "Kumbe ni Wakamba? Karibuni sana. Hapa mmeleta mchanga miaka yote, leo mmekuja kuuangalia." Alisema kwa utani, lakini sisi tulinyamaza kidogo.

Hotelini tulipooga jioni, hata maji ya bomba yalikuwa na undugu. Malindi na sehemu kubwa ya Pwani hupata maji kutoka Baricho, visima vilivyochimbwa kando ya Sabaki ambapo mchanga umechuja maji chini. Ni akili ileile ya susu wako anayechimba kisima kwa mto wa mchanga, ila hii imewekwa pampu.

Shida iko hapa

Kama mto ungeleta mchanga kidogo kidogo, hakuna angelalamika. Noma ni kiasi.

Mvua ikinyesha sana Ukambani, Sabaki inageuka rangi ya chai ya maziwa. Inamwaga mamilioni ya tani za udongo baharini kila mwaka. Wakati wa kaskazi, upepo na mikondo husukuma hayo matope kuelekea kusini, mbele ya Malindi. Wakati wa kusi, yanasukumwa kaskazini. Ndio maana msee mmoja atakuambia maji ya Malindi ni safi na mwingine aape ni matope. Wote wanasema ukweli, walienda tu miezi tofauti.

Kusini mwa mji kuna Malindi Marine National Park, iliyoanzishwa 1968 na ni mojawapo ya mbuga za kwanza za baharini Afrika. Unapanda boti ya kioo unatazama samaki na matumbawe. Sasa matumbawe yanahitaji jua. Udongo ukijaa majini, jua halifiki chini. Udongo ukitua juu yao, yanakabwa. Nyasi za bahari pia zinaumia, na hizo ndizo chakula cha kasa.

Na hii si kisa cha kukisia. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja la Malindi lenye miaka karibu 300, kama vile fundi anavyotoboa mbao. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka kila mwaka, na kila tabaka huhifadhi alama za kemikali za udongo ulioletwa na mto. Matokeo yalichapishwa 2007. Kwa karibu miaka 200 udongo ulikuwa kidogo na haukubadilika sana. Halafu mwanzoni mwa karne ya 20 ukaanza kupanda, na baadaye ukapanda zaidi. Ni kipindi kile wakoloni walichukua ardhi, misitu ikafyekwa, na watu wengi na mifugo wakasukumwa kwa sehemu ndogo.

Yaani tumbawe la Malindi limeandika diary ya shamba za juu. Kila heka iliyobaki uchi kule juu, tarehe yake iko chini ya bahari.

Muindi Mbingu anaingia wapi?

Ile barabara ya Nairobi inayopita City Market, Muindi Mbingu Street, jina lake linatoka kwa hii hii story ya udongo.

Miaka ya 1930 serikali ya mkoloni iliona Ukambani inamomonyoka. Badala ya kuuliza kwa nini watu wamebanwa, ikasema ng'ombe wa Wakamba ndio shida. Mwaka 1938 wakaanza kuchukua mifugo kwa nguvu na kuiuza kwa bei ya kutupa. Wakati huo Makueni ilikuwa bado sehemu ya Machakos.

Wakamba kwa maelfu, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi kumtafuta gavana. Walikaa huko wiki kadhaa. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Samuel Muindi Mbingu. Serikali ilimkamata na kumfungia mbali, unajua wapi? Lamu. Pwani. Lakini mpango wa kuchukua ng'ombe kwa lazima ukarudishwa nyuma.

Kwa hivyo udongo wa Ukambani ukasafiri hadi Pwani, na aliyepigania wenye udongo naye akapelekwa Pwani. Na hawakuwa wa kwanza kushika hiyo njia. Karne ya 19 wafanyabiashara Wakamba, kama Chief Kivoi wa Kitui, walikuwa wakipeleka pembe za ndovu hadi Pwani kwa miguu. Wewe unalalamika kiti cha basi hakilali.

Kufika huko

Kutoka Makueni, rahisi ni treni. Ile Madaraka Express ya kusimama kaunti kwa kaunti inapita Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Unashuka Mombasa stesheni ya Miritini, unaingia tao, kisha unachukua mathree ya Malindi kupitia Kilifi. Hiyo ya mwisho ni kama kilomita 120, tenga masaa mawili hadi matatu. Tikiti za likizo huisha mapema, kata kabla.

Kutoka Kitui, barabara ya lami ya Mutomo–Ikutha–Kibwezi inakutoa moja kwa moja Mombasa Road bila kuzunguka Machakos. Ukivuka Athi hapo katikati, toa kichwa dirishani uutazame. Utauona tena.

Kuna njia ya wenye ndai ya nguvu: ingia Tsavo East kwa Voi, fuata Galana mpaka Sala Gate, utokee Malindi. Ni tamu juu unasafiri na mto wenyewe, na unaona Lugard Falls. Lakini unalipa ada ya mbuga, unalipa mtandaoni kwa eCitizen, na mvua ikinyesha barabara inakuwa supu. Angalia bei ya siku hiyo kabla hujatoka, zinabadilika.

Ukiwa Malindi, tuktuk ama nduthi itakupeleka hadi daraja la Sabaki. Kubaliana bei kabla ya kukaa. Tafuta kijana wa hapo wa kukutembeza, usiende peke yako. Yeye anajua viboko wamelala wapi leo, na pesa yako inabaki kijijini.

Usirudi na hadithi mbaya

Kiboko ya Makueni unaipita na basi. Kiboko wa Sabaki atakupita yeye. Usisimame kati yake na maji hata kama picha ni kali. Mchana wapo majini, jioni wanatoka kula nyasi, kwa hivyo giza likianza toka ukingoni.

Mamba pia wapo. Usioge mtoni, usivuke mto kwa miguu hata kama maji yanaonekana ni ya magoti.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti inapita mita 3. Unaweza kutembea kwa matope makavu, ukirudi ukute bahari. Uliza wavuvi saa za kupwa kabla hujaanza.

Matope yenyewe usiyadharau. Beshte yangu alijifanya mjuaji, akaacha njia ya kijana wetu akitaka kupiga picha ya flamingo. Alizama mpaka magotini. Yeye tulimvuta. Akala yake ya kushoto bado iko Sabaki, na tunaamini imejiunga na mchanga mwingine wa Mutomo.

Mwisho, ndege wakiwa wametua usiwakimbize ndio waruke upate video. Wametoka mbali na wanakula ili wapate nguvu ya kurudi.

Ukirudi nyumbani

Watu wa Pwani hawawezi kuzuia huo udongo. Ukifika Malindi umeshafika. Anayeweza kuuzuia ni yule aliye juu ya mteremko, na wengi wa hao ni sisi.

Na tunajua kazi. Matuta ya fanya juu, unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, ndiyo yaliyogeuza vilima vya Machakos na Makueni mpaka watafiti wakaandika vitabu. Yalichimbwa na mwethya, vikundi vya majirani, wengi wao akina mama. Kitui na Makueni zina mabwawa ya mchanga kwa mamia: unajenga ukuta wa zege kwa mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanakaa ndani ya mchanga mbali na jua, na familia inachota kiangazi kizima. Udongo umebaki, maji yamebaki.

Makueni ina sheria yake ya mchanga tangu 2015, juu lori zinazosomba mchanga usiku huacha mto ukiwa mwamba mtupu, visima vinakauka na kingo zinaporomoka. Na pale Thwake inapokutana na Athi, ujenzi wa bwawa kubwa ulizinduliwa 2018, ukuta wa mita 80.5, maji ya mita za ujazo milioni 688. Bwawa kama hilo hunasa matope. Sehemu ya udongo uliokuwa ukienda Malindi itatua hapo chini, na kama mashamba ya juu hayana matuta, litajaa udongo kabla ya wakati wake. Usisahau pia Mto Nairobi unaingia Athi, kwa hivyo chupa ya plastiki ya Kanairo nayo ina safari ndefu.

Siku ya mwisho tulikaa juu ya kilima cha mchanga upande wa Mambrui. Jua lilikuwa linashuka, mto ukiingia baharini bila haraka, kahawia ikipotea kwa bluu. Beshte yangu alichota mchanga kidogo, akauangalia uking'aa, akasema ukuta wa matuta ya babake uliporomoka mvua ya 2024 na hakuna mtu ameurudisha.

Januari alinitumia picha. Hakukuwa na bahari. Ilikuwa ni jembe, mtaro, na watu watano wakicheka.